Mtoto wa miaka 3 anajifunza nini?

Baba mmoja wa mgodi akisema: «Kule kwa watoto wadogo wanacheza tu, ni franga ya bure», mumwambie habari ya David Weikart.

Alikuwa mtu wa ofisi ya masomo kule Ypsilanti, Marekani, mji wa watu wa viwanda vya motokari. Aliona watoto weusi wa mafukara wanarudia kalasi kila mwaka. Akawaza: tunachelewa, tuanze mbele. Kutoka 1962 alichukua watoto 123 wa miaka 3 na 4: 58 wakaingia shule ya wadogo, 65 hapana. Kila juma mwalimu alifika nyumbani kwa mama.

Mwanzoni wale 58 walishinda wenzao katika mitihani ya akili. Nyuma ya miaka kidogo wakawa sawasawa. Wengi wangeacha, Weikart aliendelea kuwafuata. Yeye na wenzake waliwafuata mpaka miaka 40. Weikart alikufa 2003. Wale 58 walikuwa wamemaliza sekondari wengi zaidi, wanapata mshahara zaidi, na polisi iliwakamata kidogo.

Basi baba, ukitoka shimoni mtoto akikuuliza neno, umujibu. Masomo yake yameshaanza.