Sheshe wa Kilombero na jina la Livingstone

Ukitoka Ifakara kwenda Lupiro, ukishavuka daraja la mto Kilombero, angalia pande zote mbili za barabara. Mpunga, matete, na kama ni mwezi wa nne, maji mpaka unachoka kuyatazama. Wazee wa huku watakuambia kwamba zamani tambarare hii ilikuwa ya sheshe. Kama humjui, sheshe ni swala wa rangi ya hudhurungi inayoelekea dhahabu, dume ndiye mwenye pembe, na hapendi kukaa mbali na maji. Vitabu vingi humwita puku. Mwaka 2002 bonde hili lilipoingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani, takriban hekta 797,000, sheshe alikuwa moja ya sababu kubwa: ilikadiriwa kwamba karibu robo tatu ya sheshe wote duniani walikuwa hapa. Tangu wakati huo wamepungua sana, na ukiishi huku huhitaji kuambiwa kwa nini. Mashamba yameongezeka, mifugo imeongezeka, na ujangili haujaisha.

Sasa fungua kitabu chochote cha wanyamapori, tafuta jina lake la kisayansi. Utakuta hivi: Kobus vardonii (Livingstone, 1857).

Mara ya kwanza kuiona nilijua nimepata hadithi nzuri, kwamba Livingstone alipita Kilombero akamwona sheshe. Kumbe hakuwahi kufika. Hebu tuisome hiyo alama vizuri, maana inasema mengi kwa maneno machache. Kobus ni jenasi, yaani kundi la ndugu wa karibu, na kuro yumo humo humo. Vardonii inamkumbuka Frank Vardon, afisa Mwingereza wa jeshi la India aliyekuwa mwindaji na rafiki wa Livingstone. Jina la mwisho na mwaka humtaja aliyemweleza mnyama kwa maandishi kwa mara ya kwanza, na hapa ni David Livingstone, kwenye kitabu chake cha safari kilichotoka 1857. Na yale mabano si mapambo. Yanamaanisha kwamba yeye alimweka kwenye jenasi nyingine na wengine wakamhamisha baadaye. Ukimkuta mwandishi bila mabano, ujue mnyama bado yuko kwenye jenasi aliyowekwa mwanzo.

Sheshe aliowaona Livingstone walikuwa kwenye mabonde ya Zambezi, nchi ambayo leo ni Zambia. Kwa hiyo mnyama ambaye kwa miaka mingi aliishi kwa wingi kuliko kote hapa kwetu anabeba saini ya mtu ambaye hakuijua Ifakara wala Lupiro. Hakuna ubaya katika hilo, sheria za majina ya wanyama ndivyo zilivyo. Ila lilinifanya nianze kulifuatilia jina lenyewe. Livingstone ni nini? Na kwa nini liko kila mahali?

Wengi tunalisoma kama Kiingereza cha shuleni: living, stone, basi ni "jiwe lililo hai". Linapendeza, hasa kwa mtu aliyekuwa mmisionari. Lakini si kweli. Ukitaka asili ya jina, usisikilize linavyosikika leo, tafuta lilivyoandikwa zamani.

Kilomita kama 25 magharibi ya Edinburgh, Uskoti, kuna mji unaoitwa Livingston, bila "e" mwishoni. Katika karne ya 12 palikuwa na mwenye ardhi pale aliyeitwa Leving. Anatajwa kwenye hati za zamani, na mwanawe Turstan ndiye aliyelitoa kanisa la hapo kwa watawa wa Holyrood. Mahali pakaitwa kwa Leving, na sehemu ya pili ya jina ni tun, neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya shamba au makazi yaliyozungushiwa uzio. Ndilo neno lililokuja kuwa town. Kwa hiyo Livingston ni "kwa Leving", kama sisi tunavyosema kwa Mrombo au kwa Msuguri, kituo cha basi kikachukua jina la mtu na mwenyewe akasahaulika. Leving nalo linatokana na neno la kale lenye maana ya kupendwa. Huku kwetu angeitwa Mpendwa na habari ingeishia hapo. Jiwe halimo kabisa.

Baadaye watu waliomiliki ardhi ile wakajiita "wa Livingston", na hatimaye neno "wa" likadondoka. Ndivyo majina mengi ya ukoo ya Uskoti yalivyozaliwa: mahali kwanza, ukoo baadaye.

Hapa ungedhani tumemaliza, David Livingstone ni wa ukoo huo. Hapana, na kwangu hii ndiyo sehemu tamu zaidi. Wazee wake hawakutoka karibu na Edinburgh. Babu yake alikuwa mkulima katika kisiwa cha Ulva, pwani ya magharibi, watu wa lugha ya Kigaeli, ambayo ukiilinganisha na Kiingereza ni kama Kimasai na Kiswahili. Mwishoni mwa karne ya 18 maisha ya kisiwani yakawa magumu, familia ikahamia Blantyre karibu na Glasgow kutafuta kazi kwenye kiwanda cha pamba. David akazaliwa hapo mwaka 1813, na akiwa na miaka 10 tu akaanza kibarua kiwandani.

Watu wa pwani ile walioitwa Livingstone walikuwa na jina lao la Kigaeli kabla ya hilo. Wanaofuatilia koo hizo wanabishana kidogo: wengine hulipeleka kwenye Mac an Léigh, "mwana wa mganga", wengine kwenye jina la zamani la mtu, Dunsleve. Kilichotokea ni kwamba kuanzia karne ya 17 hivi, lugha ya ofisi, ya kanisa na ya hati ikawa Kiingereza cha kusini, na koo za Kigaeli zikachukua au zikapewa majina ya Kiingereza yaliyokuwa yanajulikana tayari. Livingstone lilikuwa jina la wakubwa, linaandikika, karani analijua. Likakaa.

Usiwacheke. Nani kati yetu hana ndugu ambaye cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cheti cha darasa la saba kinasema vile, na kitambulisho cha taifa kina herufi ya tatu ambayo haijulikani ilikotoka? Karani akishaandika, unakuwa ulivyoandikwa. Hata Livingstone mwenyewe, mpaka miaka ya 1850 alikuwa anasaini bila ile "e" ya mwisho, kama baba yake. Akairudisha akiwa mtu mzima, na vitabu vikaifuata.

Kwa hiyo kama asili ile ya kwanza ndiyo sahihi, mwana wa mganga alivaa jina la shamba la Leving, akasomea udaktari, akaja Afrika. Mimi hiyo bahati nasibu inanifurahisha, ila siichukulii kuwa ushahidi wa chochote.

Sasa jina likageuka tena kuwa mahali. Kwenye ramani ya Tanzania, kando ya Ziwa Nyasa upande wa kaskazini mashariki, kuna safu ya Milima ya Livingstone. Watu wa Ludewa na Makete wanaijua vizuri, ndipo Wapangwa, Wakisi na Wakinga walipo. Inaungana na nyanda za juu za Njombe, na Njombe ndiko mto Ruhudji unakoanzia kabla ya kuja kumwaga maji yake kwenye bonde letu. Livingstone hakupanda milima ile. Mwaka 1861 alipita ziwani akifuata upande wa magharibi na hakufika mwisho wa kaskazini. Jina lilitolewa miaka ya 1870 na E. D. Young, aliyekuja na meli ya Ilala kuwasaidia wamisionari wa Kiskoti.

Magharibi zaidi, mto Kongo unaporomoka kati ya Kinshasa na Matadi kwa mfululizo wa maporomoko yaliyoitwa ya Livingstone. Hapo pia hakufika, ni Stanley aliyeyapa jina hilo mwaka 1877. Malawi kuna Livingstonia, misheni iliyoanzishwa 1875 kwenye rasi ya ziwa na kuhamahama mpaka ikatulia Khondowe mwaka 1894, na kuna Blantyre, jiji zima lenye jina la kijiji cha kiwanda cha pamba. Zambia kuna mji wa Livingstone, uliokuwa makao makuu ya koloni la Rhodesia ya Kaskazini mpaka 1935. Baada ya uhuru majina mengi ya wakoloni yalifutwa ukanda huu, Leopoldville, Salisbury, Fort Jameson. Hilo likabaki. Angalau pale karibu na maporomoko ya Mosi-oa-Tunya alifika kweli, Novemba 1855, akayaita Victoria ilhali wenyeji waliompeleka walikuwa wamemtajia jina lao.

Hesabu hiyo orodha uone. Jina la mtu kwenye ramani halithibitishi kwamba mtu alifika. Linathibitisha kwamba aliyeshika kalamu alimpenda, au alitaka wafadhili wake wampende. Mwanafunzi wa historia anayetumia ramani kama ushahidi wa safari ataanguka kwenye shimo hilo mapema sana, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuanguka na sheshe wangu.

Kuna mtego mwingine pembeni. Labda umeona kwenye bustani za hoteli mitende ya mapambo yenye majani mapana kama feni. Mingine ni ya jenasi Livistona. Ukishajua habari hii utasema ni Livingstone tena. Jenasi hiyo ilipewa jina mwaka 1810, David akiwa hajazaliwa. Inakumbuka bustani ya Patrick Murray, mwenye milki ya Livingston ile ile ya Uskoti, ambaye mimea yake ilisaidia kuanzisha bustani ya mimea ya Edinburgh karne ya 17. Jina la shamba la Leving limefika bustanini kwetu kwa njia mbili tofauti, moja haimhusu mmisionari hata kidogo. (Na mbu aina ya Mansonia tunaowakuta kwenye mitego hapa Lupiro wana jina la Patrick Manson, daktari kutoka kaskazini mashariki ya Uskoti. Huyo nitamwandikia siku nyingine, maana habari ya matende inahitaji nafasi yake.)

Nirudi bondeni. Livingstone hakufika, lakini mtu wake alifika karibu. Unakumbuka kwamba alipofariki kwa Chitambo mwaka 1873, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili zaidi ya kilomita 1,500 mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. James Chuma, Myao aliyeokolewa utotoni kwenye msafara wa watumwa, akawa kiongozi wa misafara anayetafutwa. Mwaka 1879 aliongoza wapagazi wa msafara uliotoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa, ukapita upande wa Mahenge. Mto wetu kwenye maandishi ya msafara ule unaitwa Uranga. Ni Ulanga ile ile ya wilaya, mwandishi kasikia "r" mahali tunapoandika "l".

Wakuu wa msafara walikuwa Waskoti wawili, na majina yao ni zoezi zuri la kumalizia. Wa kwanza, Keith Johnston, alifariki Behobeho tarehe 28 Juni 1879, kabla hawajafika huku. Wa pili, Joseph Thomson, akachukua uongozi akiwa na miaka 21, huku njia na watu vikiwa mikononi mwa Chuma. Tazama miisho. Johnston inaishia na -ston: ni tun tena, shamba la John, jina la mahali. Thomson inaishia na -son: mwana wa Tom, jina la baba. Herufi moja tu, na ukoo mmoja umetokana na ardhi, mwingine umetokana na mtu.

Huyo Thomson ndiye aliyepewa swala wadogo wa Serengeti wenye mstari mweusi ubavuni. Kiswahili kilipolipokea jina hilo kikaiacha ile -son njiani. Leo tunamwita swala tomi, yaani tumemrudisha kwa baba yake.