Kilo nne za mwisho: Ukate wali wa Kyela au uhesabu kalori?

UKITAKA ugomvi na mtu wa Kyela, mwambie aache kula wali. Huku mchele unatoka shambani kwako au kwa jirani, na ukiwa jikoni harufu yake inafika barabarani kabla mgeni hajapiga hodi. Ukikosa wali kuna ndizi, kuna magimbi, kuna ugali. Vyote hivyo, kwa lugha ya madaktari, ni wanga.

Sasa mimi niliambiwa nipunguze mwili. Nina miaka 44, nacheza beki wa kulia kwenye timu yetu ya maveterani. Nilikuwa na kilo 92. Nikaacha bia za katikati ya wiki, nikarudi mazoezini, nikashuka mpaka 84. Zilibaki kilo nne tu nifike 80, na hizo nne ndizo zilizogoma. Miezi mitatu mizani inasoma 84, kama timu ndogo iliyopaki basi ugenini.

Ningeziacha zilivyo, lakini kulikuwa na mambo mawili. Kwanza presha. Nilipimwa siku tatu tofauti, zote ikawa juu ya 140 kwa 90. Daktari akasema tusubiri kidogo kabla ya vidonge, nishushe uzito na chumvi, halafu nirudi. Baba yangu presha ilimwangusha akiwa na miaka 58, na mkono wake wa kulia haukupona mpaka leo. Jambo la pili lilikuwa winga mmoja wa maveterani wenzetu wa ng'ambo ya Mto Songwe, upande wa Malawi. Jamaa ana mbio. Mechi iliyopita alinigeuza mpaka watoto wa shule wakaanza kunihesabia.

Hapo ndipo nikaingia kwenye ule ubishi unaoendelea kila kijiwe nchini: ukate wanga, au ule kila kitu ila uhesabu kalori?

Ubishi wa vijiweni

Ubishi huu Tanzania tumeuzoea. Profesa Mohamed Janabi, bingwa wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na baadaye Hospitali ya Taifa Muhimbili kabla ya kwenda kuongoza Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika mwaka 2025, amesema mara nyingi kuhusu sukari, wanga na tabia ya kula kila saa. Wapo waliomcheka. Wapo waliomsikiliza wakapungua.

Na kwenye soka uzito si utani. Pep Guardiola alipotua Manchester City mwaka 2016, beki Gael Clichy alisimulia jinsi piza na baadhi ya juisi zilivyopigwa marufuku, na kwamba waliozidi uzito hawakuruhusiwa kufanya mazoezi na wenzao. Eden Hazard alijiunga na Real Madrid mwaka 2019 na mwenyewe akakiri kwamba likizoni aliongeza kilo tano. Desemba 2022 Guardiola alisema hadharani kuwa Kalvin Phillips karudi kutoka Kombe la Dunia akiwa na uzito mkubwa. Baadaye kocha huyo aliomba radhi kwa kauli ile. Kwa hiyo kama wenye wapishi na wataalamu wa lishe wanahangaika na kilo tano, mimi na sinia langu la wali ni nani?

Jaribio la kwanza: Wanga nje

Nilianza na kukata wanga kwa sababu haina hesabu. Asubuhi mayai, mchana samaki na mboga, usiku samaki tena. Mtu wa Ziwa Nyasa hawezi kulia njaa ya samaki. Ukikosa mbasa, dagaa wapo.

Wiki ya kwanza mizani ilishuka kilo mbili na nusu. Nilifurahi nikapiga simu mpaka Mbeya mjini. Kumbe nilisherehekea bao la kuotea.

Iko hivi. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu moja ya wanga huo hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Ukiacha wanga, akiba inatumika na maji yanatoka. Mizani inasoma umepungua, ila kitambi kipo palepale. Siku unayorudi kwenye wali, maji yanarudi na sehemu ya kilo inarudi nayo.

Hiyo haina maana kwamba njia yenyewe ni ya uongo. Mayai na samaki vinashibisha, sukari inakaa mbali, na mtu anajikuta anakula kidogo bila kuambiwa. Wapo wengi waliopungua hivyo, mafuta halisi kabisa, wakabaki hivyo.

Tatizo langu lilikuja Jumapili. Nilicheza mechi ya kirafiki baada ya siku 12 bila punje ya wali, na kwenye joto letu la Kyela unalijua. Kipindi cha kwanza nilikwenda vizuri. Dakika ya 60 miguu ikawa mizito kama nimekanyaga tope la jaruba. Kichwa kinaona mpira, miguu haijibu. Dakika ya 68 nikaomba kutoka mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kufanya tangu nianze kuvaa njumu.

Wataalamu wanalijua hili kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1973 Bengt Saltin wa Sweden alionyesha kuwa wachezaji wa soka wanaoanza mechi na akiba ndogo ya wanga kwenye misuli hukimbia umbali mfupi zaidi na hutembea zaidi, hasa kipindi cha pili. Mwaka 2017 Louise Burke na wenzake wa Australia walichapisha utafiti wa wanamichezo wa kiwango cha juu wa mashindano ya kutembea kwa kasi. Waliokula mafuta mengi na wanga kidogo sana walijifunza kuchoma mafuta kweli, ila walihitaji oksijeni nyingi zaidi kwa mwendo uleule, na muda wao wa mashindano haukuimarika kama wa wenzao. Mwili unaweza kutembea siku nzima kwa mafuta. Kumfukuza winga, mwili unadai wanga.

Jaribio la pili: Kalori kwa simu

Nikageukia hesabu. Kwa kukadiria, kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kalori 7,700. Kilo nne ni 30,800. Nikajipa wiki 12, yaani siku 84. Ukigawa, inatakiwa upunguze kama kalori 370 kwa siku. Kwenye karatasi ni rahisi kuliko penalti isiyo na kipa.

Nikapakua programu kwenye simu. Inajua mkate, inajua piza, inajua kila kinacholiwa Ulaya. Ndizi zilizopikwa na maziwa kwa mtindo wa kwetu haizijui. Halafu nyumbani tunakula sinia moja. Mimi, watoto wanne na yeyote aliyepita. Utahesabu vipi tonge zako ndani ya sinia? Siku ya tatu mtoto akaniuliza kwa nini natazama simu kila nikimeza.

Aliyenitoa gizani ni mama watoto. Nilikuwa napima wali kwa kikombe, naongeza, napunguza, akaniangalia weee, mwisho akasema:

"Baba watoto, unahesabu punje za mchele. Mafuta ya mboga namimina mimi, umewahi kuniuliza namimina kiasi gani?"

Sikuwahi. Tukapima pamoja jioni ile. Mboga ya watu sita ilikuwa inaingia vijiko 12 vya mafuta, vijiko vya kulia chakula. Kijiko kimoja ni kama kalori 120. Kwa hiyo vijiko viwili vyangu kila jioni ni kalori 240, na mchana vilevile. Gramu 100 za wali uliopikwa, kabla ya mafuta, ni kama kalori 130 tu. Soda moja ya chupa ni karibu 150, na bia ya nusu lita inafika 200. Mimi nilikuwa namshitaki wali, wakati waliofunga mabao ni wengine.

Mshindi ni nani?

Watu wa sayansi nao wamebishana. Utafiti unaotajwa sana ni wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ulioongozwa na Christopher Gardner na kuchapishwa 2018. Watu 609 waligawanywa makundi mawili, moja likapunguza wanga, jingine likapunguza mafuta. Baada ya mwaka mzima, wa wanga walikuwa wamepungua wastani wa kilo 6.0 na wa mafuta kilo 5.3. Tofauti hiyo ni ndogo mno kumtangaza mshindi. Lakini ndani ya kila kundi wapo waliopungua kilo nyingi sana, na wapo walioongezeka.

Kuna jambo jingine hapo. Hakuna kundi lililoambiwa kuhesabu kalori. Wote waliambiwa waachane na sukari na unga uliokobolewa, wale mboga kwa wingi, wapike nyumbani. Wakapungua.

Kwa hiyo swali la "wanga au kalori" halina jibu moja kwa wote. Swali la kujiuliza ni hili: njia gani naweza kuishi nayo kwenye jiko langu mpaka mwakani, na Jumapili bado nina miguu?

Mimi jibu langu likawa mchanganyiko, na nakuwekea hapa kama nilivyofanya.

Mafuta ya mboga yalishuka kutoka vijiko 12 hadi sita kwa sufuria. Aliyekubali ni mama watoto, na bila yeye mpango wote ungekufa siku ya kwanza. Dagaa tulianza kuwachemsha na nyanya badala ya kuwakaanga, na chumvi tukaipunguza kwa ajili ya presha.

Soda iliondoka kabisa, chai ikabaki na kijiko kimoja cha sukari. Bia mbili, Jumamosi tu, kama Jumapili hakuna mechi.

Wali nilijitengea sahani yangu. Siku za kawaida kikombe kimoja cha wali uliopikwa, samaki au maharage, na nusu ya sahani iwe mboga za majani. Siku moja kabla ya mechi na asubuhi ya mechi, vikombe viwili bila kujihukumu. Hiyo ndiyo sehemu niliyojifunza kwa aibu ya dakika ya 68: ukitaka kukata wanga, kata siku ambazo hufanyi kazi ngumu. Usikate Ijumaa wakati Jumapili unakaba winga.

Mizani nilipanda mara moja kwa wiki, Jumatatu asubuhi kabla ya chai. Ukipima kila siku utachanganyikiwa, maana maji hupanda na kushuka.

Wiki nne za kwanza nilishuka kilo moja na nusu. Wiki ya sita mizani iligoma tena, nikavumilia bila kubadili kitu. Wiki ya 12 ilisoma 80 na robo. Presha ilipimwa 134 kwa 86. Daktari hakuniahidi kitu, alisema tuendelee kupima kila mwezi, vidonge vikihitajika tutaanza.

Tahadhari kabla hujaiga

Kama una kisukari na unatumia dawa au sindano ya insulini, usikate wanga kwa kusoma gazeti. Sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka. Mwone daktari kwanza, kipimo cha dawa huenda kikahitaji kubadilishwa.

Na kama umefanya kila kitu kwa miezi na mizani haisogei, nenda ukapimwe. Ronaldo wa Brazil alipostaafu Februari 2011 alieleza kuwa alikuwa na tatizo la tezi ya shingoni, ambayo ikifanya kazi chini ya kiwango hupunguza kasi ya mwili kutumia chakula. Kwa miaka dunia nzima ilikuwa inamcheka tumbo. Kwa hiyo mwenzako kijiweni ukimwona kanenepa, usiwe na haraka ya kumtungia jina.

Wale jamaa wa ng'ambo walikuja tena mwezi uliopita. Winga wao alinipita mara moja, dakika ya tano, nikasikia wale watoto wanaanza "mojaaa". Walisubiri sana ya pili. Dakika ya 80 alijaribu tena, akanikuta nimeshafika, nikautoa mpira nje kwa mguu wa kushoto ambao si wangu. Tulitoka sare ya 1-1.

Nyumbani nilikuta wali umeiva, na sahani yangu imeshatengwa pembeni ya sinia.

"Leo umekimbia," mama watoto akasema. "Ongeza kidogo."

Nikaongeza. Ndaga fijo.