Nikeli ya Kabanga na Bei Inayopangwa Indonesia

Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mnunuzi mzoefu hanunui kijiko kwa kung'aa kwake. Hukigeuza akatafuta tarakimu zilizogongwa nyuma ya mpini. 18/10 ni kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 10. 18/0 maana yake nikeli hakuna, na sumaku hukinasa mara moja. Kromiamu huzuia kutu. Nikeli huongeza ustahimilivu na kukifanya chuma kikubali kukunjwa bila kupasuka. Ndiyo maana takriban theluthi mbili ya nikeli yote duniani huishia kwenye stenlesi.

Tanzania inayo nikeli, tena bora. Iko Kabanga, wilayani Ngara, karibu na mpaka wa Burundi, na imejulikana tangu miaka ya 1970. Januari 2021 serikali ilitia saini mkataba uliozaa kampuni ya Tembo Nickel, yenyewe ikichukua asilimia 16 ya hisa. Machi 2023, Kamala Harris, wakati huo Makamu wa Rais wa Marekani, alisema akiwa Dar es Salaam kwamba nikeli ya kutengenezea betri ingeweza kuanza kutoka Tanzania mwaka 2026.

Kilichoukwamisha mradi huo ni bei.

Machi 8, 2022, tani moja ilipita dola 100,000 katika soko la metali la London, hadi biashara ikasimamishwa. Miaka miwili baadaye ilikuwa ikiuzwa chini ya dola 20,000. Mahitaji yameendelea kukua, ila Indonesia imeyapita mbio. Januari 2020 ilipiga marufuku kuuza nje mawe ghafi, kampuni za China zikaenda kujenga viwanda vya kuyeyushia huko huko, na sasa zaidi ya nusu ya nikeli inayochimbwa duniani ni yake. Wakati huohuo, magari mengi ya umeme ya China yamehamia betri za chuma na fosfeti, zisizotumia nikeli.

Kampuni ya madini ya BHP ilisimamisha uzalishaji wake wa nikeli Australia Magharibi mwaka 2024, kisha 2025 ikajiondoa kwenye ubia wa Kabanga.

Kabanga bado ina turufu: mawe yake yana nikeli inayokaribia asilimia 2, pamoja na shaba na kobalti. Lakini Watanzania wa ughaibuni wanaotupia jicho hisa za Lifezone Metals, inayouendeleza mradi huo na iliyoorodheshwa New York tangu Julai 2023, waulize kwanza Indonesia inapanga kuchimba kiasi gani.