Maskani za Muda: Dungu, Kambi na Wanyama wa Bonde la Kilombero

Msafiri atokaye Ifakara kuelekea Mahenge hufika Kivukoni baada ya mwendo mfupi, na hapo hukutana na mto Kilombero. Jina la mahali hapo lina asili yake: kwa miaka mingi watu, magari na mizigo vilivushwa kwa pantoni, na kabla ya pantoni kwa mitumbwi. Januari 2016 pantoni ilipinduka mtoni. Mei 2018 likazinduliwa daraja lenye urefu wa mita 384, na tangu hapo kivuko kimebaki katika jina tu.

Siku isiyo na ukungu, mtu asimamaye juu ya daraja hilo huona ukuta wa milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi, na mbele yake uwanda wa nyasi na matete unaopotelea machoni. Katika miezi ya kilimo huona pia vibanda vidogo vilivyosimama juu ya miguu ya miti katikati ya mpunga. Wageni wengi hupiga picha milima. Vibanda huachwa bila kutazamwa, ingawa bila kuvielewa ni vigumu kueleza kwa nini binadamu na wanyamapori waliweza kugawana bonde hili kwa muda mrefu, na kwa nini sasa ugawaji huo umekuwa mgumu.

Kwanza yafaa kueleza maji. Bonde la Kilombero lilitokea pale ardhi ilipopasuka na kudidimia kati ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Mito ya Mpanga, Mnyera, Ruhudji, Kihansi na mingine mingi huteremka humo kwa kasi, kisha hukuta ardhi tambarare na kupoteza nguvu. Uwanda huo una urefu wa kilomita 260 hivi, na mahali penye upana mkubwa hufikia kilomita 52. Mvua huanza Novemba au Desemba, na mafuriko hufika kilele chake mnamo Machi na Aprili. Hapo mto huacha kuwa mto, ukawa ziwa lisilo na kina kirefu lenye visiwa vya nyasi. Karibu theluthi mbili ya maji yote ya Rufiji hutoka katika bonde hili. Mwaka 2002 hekta 796,735 ziliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa.

Kiumbe chochote kiishicho katika nchi ya namna hiyo hulazimika kuhama mara mbili kwa mwaka: maji yapandapo na yashukapo. Samaki huingia katika nyasi zilizofunikwa na maji ili kula na kuzaa, kisha hurudi mtoni. Wanyama walao majani hufanya kinyume chake. Na binadamu naye, kwa kuwa hakuweza kuuzuia mto, aliamua kujenga nyumba ambayo haitamwuma kuiacha.

Nyumba hiyo ni dungu, ambalo watu wa sehemu nyingine huliita ulingo. Nguzo hukatwa porini na kuchimbiwa ardhini. Juu yake, kwa kimo kinachopita kichwa cha mtu, hutandazwa fito au mianzi iliyopasuliwa, na juu kabisa huwekwa paa la nyasi. Hakuna msumari, kila kiungo hufungwa kwa kamba za magome ya miti. Familia hupanda kwa ngazi ya miti, na aghalabu moto hukokwa chini ili moshi upite kati ya fito na kupunguza mbu. Dungu huchukua siku chache kujengwa, na baada ya misimu michache mchwa na maji hulimaliza.

Matumizi ya dungu yaliongezeka baada ya uanzishaji wa vijiji katika miaka ya 1970. Nyumba za watu zilikusanywa kando ya barabara, lakini udongo mzuri wa mpunga ulibaki pale pale ulipokuwa, mwendo wa saa kadhaa ndani ya uwanda. Basi familia nyingi zikawa na makao mawili: nyumba ya kijijini, na kibanda cha shambani ambamo hukaa kuanzia kupanda hadi kuvuna.

Mlinzi wa mpunga akaaye juu ya dungu ni mtazamaji hodari wa wanyama, ijapokuwa hapewi jina hilo. Kabla ya jua kuchomoza huwangoja kwelea-kwelea na ndege wengine walao nafaka, huku kombeo likiwa mkononi na kamba zenye makopo zikiwa zimetandazwa shambani. Usiku husikiliza nguruwe, na zaidi ya nguruwe humsikiliza kiboko. Kiboko hushinda majini mchana, lakini giza liingiapo hutoka kutafuta majani, na mpunga mchanga kwake ni majani kama mengine. Mlinzi hujifunza kutofautisha hatua zake na za nyati kwa namna maji yanavyorushwa. Elimu hiyo haijaandikwa popote, nayo hupatikana kwa kukosa usingizi.

Kando ya mto wenyewe kuna maskani ya aina nyingine, yaani kambi za wavuvi. Wandamba, ambao tangu zamani walisifika kwa mitumbwi, na watu wengine waliojiunga nao baadaye, hushuka mtoni maji yanapopungua. Vibanda vyao hujengwa kwa matete na nyasi juu ya kingo za mchanga, na karibu na kila kimoja huwepo uchanja wa kukaushia kambale, perege na samaki wengine kwa moshi. Mafuriko yakirudi, mto hufagia kila kitu. Mwaka unaofuata kambi hujengwa upya, pengine mahali pengine kabisa, kwa sababu mto umehamisha mchanga.

Huko mlimani pia maskani ni za muda, ila wakazi wake ni watafiti, wapagazi na waongozaji. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 ikiwa na eneo la kilomita za mraba 1,990, hutembelewa kwa miguu. Msitu wake huanza karibu na usawa wa bonde na kupanda bila kukatika hadi zaidi ya mita 2,000. Kilele cha Luhombero kina mita 2,576. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, na unyevu utokao Bahari ya Hindi umeiwezesha misitu yake kudumu tangu kale sana, hata wakati nchi jirani zilipokauka. Viumbe vilivyotoweka kwingine vikabaki hapa kama watu walioachwa kisiwani.

Ushahidi mmoja ulipatikana ndani ya chungu. Mwaka 1991 watafiti wa ndege kutoka Denmark walikuwa kambini katika msitu wa Udzungwa, na katika mboga waliyopikiwa wakaona miguu miwili ambayo haikuwa ya kuku. Ndege huyo alikuwa kwale asiyejulikana na sayansi. Alipoelezwa rasmi mwaka 1994 ilibidi aundiwe jenasi mpya, Xenoperdix, na ilidhihirika kwamba jamaa zake wa karibu wako katika misitu ya Asia. Waliomtega, bila shaka, hawakuona ajabu yoyote. Kwao alikuwa kitoweo cha kawaida. Vivyo hivyo kwa kima wa Sanje, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1979 ingawa wawindaji wa hapo walikuwa wakimfahamu kwa sauti na kwa sura. Kipunji alionekana katika msitu wa Ndundulu mwaka 2004. Katika msitu huo huo, mwaka 2005, kamera zilizojifyatua zenyewe zilimpiga picha sange mkubwa mwenye uso wa kijivu, ambaye alipewa jina la kisayansi mwaka 2008.

Hata hivyo, si lazima kupanda mlima ili kukutana na kiumbe kigeni. Katika matete ya mto karibu na Ifakara hujenga mnana wa Kilombero, ndege wa manjano ambaye hajulikani kuishi nje ya bonde hili na ambaye sayansi ilimpa jina mwaka 1990. Mwaka 2021 waliongezwa wengine wawili wa jenasi ya Cisticola, ndege wadogo wa nyasini wanaofanana mno hata sauti zao zikawa ushahidi muhimu wa kuwatenga. Mvuvi aliyejenga kibanda katika matete hayo hulala chini ya viota vyao.

Kibanda kina hatari yake. Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, ambaye maabara aliyoianzisha Ifakara mwaka 1957 ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara, alivutiwa na papasi, yaani kupe laini wanaojificha katika sakafu za udongo na kuambukiza homa ya vipindi. Baadaye jitihada kubwa ziligeukia mbu. Wanasayansi wa Ifakara walijenga vibanda vya majaribio, vingine huko Lupiro, ng'ambo ya mto, vyenye mitego katika madirisha na katika mwanya ulio kati ya ukuta na paa, ili wajue mbu huingilia wapi na hutokea wapi. Mwanya huo, ambao mjenzi huuacha ili hewa ipite, ndio mlango mkubwa wa mbu. Lakini dungu halina ukuta wa kuzibwa. Mkulima hupika na kula nje saa za jioni, wakati mbu wameanza kuuma, na zahanati iko mbali. Kwa hiyo watafiti walibuni kibanda cha kubebeka kisichopenyeka mbu kwa ajili ya wakulima wa mpunga wanaohamahama, na habari zake zilichapishwa mwaka 2016. Jambo la kupendeza katika ubunifu huo ni kwamba haukumtaka mkulima aache kuhama.

Sasa tumfikirie sheshe. Huyu ni swala wa rangi ya kahawia yenye dhahabu, dume lake likiwa na pembe zenye pete zilizopinda kwa nyuma, naye hukaa katika nyasi zilizo karibu na maji. Wakati bonde lilipoandikishwa mwaka 2002, ilikadiriwa kwamba karibu robo tatu ya sheshe wote duniani walikuwa hapa. Kiangazi hushuka hadi kandokando ya mto kufuata majani mabichi. Masika, maji yanapowafukuza, hupanda hadi ukingo wa uwanda. Ukingo huo ndio unaofaa mpunga. Zamani madungu yalikuwa machache na yaliachwa, na sheshe walipita katikati yake. Sensa za baadaye zimeonyesha kwamba idadi yao imepungua sana.

Uwindaji haramu, ng'ombe wengi na mashamba makubwa vyote vina sehemu yake. Lakini mabadiliko ya kibanda chenyewe ni dalili inayoweza kusomwa mapema. Kwanza familia hubaki shambani baada ya mavuno, kwa kuwa kuna bustani ya mboga ya kiangazi. Kisha paa la nyasi huondolewa na kuwekwa bati, na mtu aliyenunua bati haliachi kwa mto wala kwa mnyama. Huchimbwa kisima, hufunguliwa duka, watoto huhitaji shule. Kambi za wavuvi nazo huweza kufuata njia hiyo hiyo. Hakuna aliyefanya kosa la kushangaza. Kila familia ilipunguza tu mwendo wake wa kila siku. Mwaka 2023 Serikali ilitangaza sehemu ya bonde kuwa Pori la Akiba la Kilombero, hatua iliyowagusa wakulima, wavuvi na wafugaji waliokuwa na mashamba na kambi huko. Mpaka ukishachorwa, ni vigumu kwa mwenye dungu la msimu kuonyesha kwamba hali yake ni tofauti na ya mwenye nyumba ya bati.

Shule zilizo kando ya bonde zina kifaa cha uchunguzi kisichogharimu kitu. Mafuriko yakiondoka huacha mstari wa tope katika kila nguzo ya dungu. Wanafunzi wakipima kimo cha mstari huo kila Juni, mahali pale pale, na wakiandika pia ni vibanda vingapi vina nyasi na vingapi vina bati, na iwapo nyayo za sheshe zimeonekana masika, basi katika miaka michache watakuwa na kumbukumbu ambayo haiwezi kupatikana kwa kutazama kutoka angani.