Picha ya Paka na Somo la Kukosolewa

Mji Mkongwe wa Unguja haukosi paka. Asiye na mwenyewe utamkuta Forodhani jioni akingoja mabaki ya samaki. Aliye na mwenyewe hujilalia barazani kama kwamba nyumba ni yake.

Nyumbani kwetu ameingia mtoto wa paka mweusi. Aliyemwomba ni binti yetu wa miaka 12, baada ya kufariki bibi yake ambaye alikuwa akilala naye chumba kimoja. Haikupita wiki, binti akamweka paka barazani saa saba mchana, mbele ya ukuta mweupe wa chokaa, akampiga picha kwa simu ya mama yake. Kwa furaha kubwa akampelekea ami yake, mtu aliyezeekea katika kazi ya kupiga na kusafisha picha. Ami akatazama, akasema: "Paka yuko wapi? Mimi naona kipande cha mkaa." Mtoto akalia, akaapa kuwa hapigi picha tena.

Je, msomaji, ami alikosea? Alilosema lilikuwa kweli. Kamera hupima mwanga wa vyote vilivyomo pichani na kutafuta wastani wake. Ukuta mweupe ukijaa jua, kamera hupunguza mwanga, na paka mweusi huzama gizani hata macho yasionekane. Lakini ukweli huo ulitolewa bila ya dawa yake. Mke wangu hakunyamaza: "Shemeji, umesema kweli, lakini hukumalizia."

Ami akacheka, akamwita mtoto, na safari hii akamfundisha. Liache jua la mchana. Mpeleke paka kivulini, karibu na mlango ulio wazi, mwanga umpate kwa ubavuni na manyoya yang'ae. Mtandikie mkeka au khanga isiyokuwa nyeupe. Piga magoti, kamera iwe sawa na macho yake, kwani apigwaye kutoka juu huonekana kichwa na mgongo tu. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, ili mwanga upimwe pale. Taa ya kamera usiiwashe, kwa sababu nyuma ya jicho la paka mna utando unaorudisha mwanga, na macho yatawaka kama taa za gari. Juani mboni yake hubana mithili ya uzi. Kivulini hufunguka, na uso ukawa mpole. Mwisho ni subira: mwenzako akwaruze mkeka kwa kijiti, naye paka atainua uso.

Sanaa hii ina historia ndefu hapa kwetu. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe mwaka 1930, na picha za duka lile zimetuhifadhia nyuso za watu na sura ya mji wa wakati ule. Tunazitazama na kustaajabu. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa. Enzi za filamu, mkanda mmoja ulitoa picha 36 tu, na kosa lilikuwa hasara ya fedha. Leo simu humruhusu mtoto kukosea mara mia bila ya gharama. Kinachohitajika ni mtu wa kumwonyesha kosa liko wapi na linatengenezwaje.

Siku ya pili binti alipiga picha arobaini. Moja ilikuwa nzuri: paka amekaa juu ya khanga ya marehemu bibi, macho yake ya manjano yakimtazama mpigaji. Ami akaishika simu kwa muda mrefu. "Huyu sasa ni paka," akasema, "ila sikio la kushoto limekatika."

Mtoto hakulia. Aliuliza: "Ami, nirudi nyuma kiasi gani?"

Mzazi mwenzangu, mtoto wako akikuletea kazi ya mikono yake, usimdanganye kwa sifa asizostahiki, wala usimvunje moyo. Mwambie kweli, kisha kaa naye mpaka aitengeneze.