BARUA PEPE YA CHAMA: MATUMIZI NA UTUNZAJI WAKE

Mwezi Novemba 1870 mfuko wa barua za Dk. David Livingstone ulitolewa Unguja upelekwe Ujiji. Watu waliokabidhiwa kazi hiyo walivuka bahari wakafika Bagamoyo, na hapo wakakaa mpaka Februari 1871. Stanley aliukuta mfuko huo baadaye huko Kwihara, karibu na Tabora, na mwenye barua zake alizipokea Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, yaani baada ya mwaka mzima. Safari ilikuwa ndefu, ni kweli, lakini miezi ile ya Bagamoyo haikupotea njiani. Ilipotea kwa kukosekana mtu wa kuzifuatilia barua.

Miaka 100 baadaye, mwaka 1971, Mmarekani Ray Tomlinson alituma barua kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa njia ya mtandao, na ndiye aliyechagua alama ya @ itenge jina la mtu na jina la kompyuta yake. Siku hizi barua huweza kutoka Dar es Salaam ikafika Ubena Zomozi kabla karani hajainuka kitini. Lakini barua iliyofika isisomwe haina faida kuliko ule mfuko uliolala Bagamoyo.

Jambo hili linavigusa vyama vya msingi moja kwa moja. Korosho na ufuta wa wakulima wa Mkoa wa Pwani huuzwa kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, na malipo ya mkulima hupitia katika orodha zenye jina lake, kilo zake na namba ya akaunti yake. Tuseme orodha imerudishwa kwa chama kwa sababu namba za akaunti za wakulima watatu zina makosa, na barua ya kuirudisha ikakaa siku tisa bila kufunguliwa. Wakulima hao watakaa siku tisa bila fedha, huku wakidhani kuwa wameibiwa. Uzembe mdogo wa ofisini umekwisha kuwa njaa nyumbani kwa mwanachama, na imani yake kwa ushirika imepungua. Kwa hiyo inafaa makatibu na wanachama wazingatie mambo yafuatayo.

1. Anwani ni mali ya chama

Mara nyingi chama hutumia anwani ya barua pepe iliyo ya katibu mwenyewe. Siku katibu huyo anapoacha kazi, huondoka na barua zote za chama, pamoja na mikataba na taarifa za ukaguzi. Hilo ni sawa na katibu kuondoka na ufunguo wa ghala.

Anwani ifunguliwe kwa jina la chama, na uamuzi huo uandikwe katika muhtasari wa kikao cha Bodi. Namba ya simu inayotumika kurudisha neno la siri likisahauliwa iwe ya laini ya chama, wala isiwe ya mtu binafsi. Neno la siri liwe refu, lisiwe jina la chama wala mwaka wa kuandikishwa kwake. Liandikwe katika karatasi, litiwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na bahasha ihifadhiwe katika kasha la fedha. Katibu anapobadilika, anwani na neno la siri viingizwe katika hati ya makabidhiano kama mizani na vitabu vinavyoingizwa, na katibu mpya abadilishe neno hilo siku hiyo hiyo.

Aidha, anwani isiachwe bila kutumika. Kampuni ya Google, yenye huduma ya Gmail inayotumiwa na vyama vingi, ilianza Desemba 2023 kufuta akaunti za watu binafsi ambazo hazikufunguliwa kwa miaka miwili. Akaunti ikifutwa, na barua zilizomo zimekwenda nayo.

2. Barua isomwe kwa saa maalumu

Katibu ajiwekee saa mbili za kufungua barua kila siku ya kazi, kwa mfano asubuhi anapofungua ofisi na alasiri kabla ya kuifunga. Mahali ambapo mtandao ni hafifu, achague saa anayojua kuwa hupatikana vizuri. Kufungua simu kila dakika huvuruga kazi, na kutoifungua kabisa huivunja. Wakati wa msimu, kama ule wa korosho unaoanza Oktoba, saa hizo ziongezwe.

Katibu asisahau kuchungulia sehemu ya barua taka. Mashine huchuja barua kwa kukisia, na mara nyingine hutupa humo barua halali ya mnunuzi au ya mkaguzi. Katika Gmail barua iliyotupwa humo hufutika yenyewe baada ya siku 30.

3. Kila barua ipewe hukumu yake

Barua ikishasomwa isirudishwe ilikokuwa ili "ishughulikiwe baadaye". Katibu achague moja kati ya mambo manne: aijibu, aipeleke kwa anayehusika, aihifadhi katika jalada lake, au aifute. Majalada yafunguliwe ndani ya barua pepe kama yalivyo kabatini: Chama Kikuu, Mrajis, Ukaguzi, Benki, Pembejeo, Mauzo. Barua inayohitaji siku kadhaa kujibiwa itumiwe jibu fupi la kukiri kuwa imepokelewa, na siku ya jibu kamili itajwe.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la barua zinazoingia na zinazotoka lisiachwe kwa sababu barua sasa ni za mtandao. Tarehe, mwandishi, jambo linalohusika na hatua iliyochukuliwa viandikwe humo. Barua nzito, kama vile mkataba, agizo la Mrajis au bei iliyokubaliwa, ichapwe na kutiwa katika jalada la karatasi. Ikumbukwe kuwa kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, maandishi hayakosi nguvu ya kisheria kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Ahadi iliyotolewa na chama kwa barua pepe yaweza kukifunga chama.

4. Namna ya kuandika

Barua pepe ni barua ya ofisi. Iwe na salamu, jambo lenyewe, na mwishoni jina, cheo na chama cha mwandishi. Kila barua ibebe jambo moja. Kichwa chake kieleze jambo hilo waziwazi. Barua yenye kichwa "Habari" au "Muhimu sana" haimsaidii anayepokea barua 60 kwa siku. Yenye kichwa "Masahihisho ya orodha ya malipo ya ufuta, mnada wa pili" itafunguliwa na kufanyiwa kazi.

Katibu aangalie pia ni nani anayeandikiwa. Anayetakiwa kutenda awekwe kwenye nafasi ya mpokeaji, na anayetakiwa kujua tu awekwe kwenye nafasi ya nakala. Asibonyeze "jibu kwa wote" pasipo haja, kwani siri ya chama kimoja huweza kufika kwa vyama 20.

Kiambatisho kipewe jina linaloeleweka, lenye jina la chama na tarehe. Gmail hairuhusu kutuma viambatisho vinavyozidi megabaiti 25 katika barua moja, hivyo picha nyingi za kurasa zilizopigwa kwa simu huweza kukwama. Ni afadhali zigawanywe katika barua mbili au tatu zenye namba. Kabla ya kutuma, katibu ahakikishe kuwa kiambatisho kimo kweli.

5. Kujihadhari na wezi

Mwizi wa siku hizi huvunja ghala bila kugusa mlango. Huandika barua inayofanana na ya msambazaji wa pembejeo, kisha husema kuwa akaunti ya benki imebadilika na malipo yapelekwe kwenye akaunti mpya. Mara nyingi huongeza kuwa jambo ni la haraka na lisicheleweshwe kwa vikao.

Barua kama hiyo isitekelezwe kabla ya kuthibitishwa. Anwani ya mwandishi isomwe herufi kwa herufi, kwa maana herufi moja ikibadilishwa ni mtu mwingine. Kisha mhusika apigiwe simu kwa namba iliyomo katika jalada la chama, wala si ile iliyoandikwa katika barua yenyewe. Badiliko lolote la akaunti ya kulipia lipitishwe na watu wasiopungua wawili. Neno la siri asipewe mtu yeyote anayeliomba, hata akijitaja kuwa ni wa benki au wa serikali. Kiambatisho kisichotarajiwa kutoka kwa mtu asiyejulikana kisifunguliwe. Udanganyifu wa namna hii ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na chama kikipatwa nao kitoe taarifa polisi na benki mara moja.

6. Siri za wanachama

Orodha ya malipo ina majina, namba za simu na akaunti za watu. Si ya kusambazwa kwenye makundi ya simu wala kuachwa wazi katika kompyuta ya duka la kuchapishia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Katibu anayelazimika kutumia kompyuta ya kukodi, iwe Chalinze au Bagamoyo mjini, ahakikishe amefunga akaunti na kufuta nakala kabla ya kuondoka.

Wajibu wa wanachama

Kazi hii si ya katibu peke yake. Mwanachama ana haki ya kuuliza katika Mkutano Mkuu: Anwani ya chama ni ipi? Bahasha ya neno la siri iko wapi? Ni barua gani ambazo hazijajibiwa? Bodi nayo ikague daftari la barua kila robo mwaka, kama inavyokagua hesabu. Chama ambacho katibu wake anaweza kujibu maswali hayo bila kusita, barua za wakulima wake hazitalala njiani.