Bandu Bandu Huisha Gogo



Siku hizi, katika mashamba na viwanda vingi, kilo tunazochuma na saa tunazofanya huandikwa katika kompyuta. Programu za kompyuta nazo huzeeka kama mashine. Je, zibadilishwe vipi ili mshahara usikwame?

Mafundi wa programu za intaneti hutumia kiunzi, yaani sehemu zilizotengenezwa tayari za kujengea. Mwaka 2010 kampuni ya Google ilitoa kiunzi kiitwacho AngularJS. Mwaka 2016 ikatoa kipya, Angular, kisichooana na kile cha kwanza. Mwisho wa mwaka 2021 ikaacha kukitengeneza cha zamani.

Wenye programu walikuwa na njia mbili: kuandika yote upya, au kuviacha viunzi viwili vifanye kazi pamoja ndani ya programu moja. Watengenezaji wa Angular walitoa chombo cha kuviunganisha. Kwa njia hii ya pili, fundi hubadili ukurasa mmoja, kwa mfano wa mahudhurio, akaujaribu. Ukileta makosa, anaurudisha wa zamani. Ukifaa, anaingia ukurasa wa likizo. Mwishowe kiunzi cha zamani hubaki bila kazi, kikaondolewa.

Mwaka 2004 fundi Mwingereza Martin Fowler aliifananisha njia hii na mti wa jamii ya mkuyu aliouona Australia. Mbegu yake huota juu ya mti mwingine, mizizi ikateremka polepole hadi ardhini, mpaka mti wa zamani ukafa na mpya ukasimama wenyewe.

Njia hii ina gharama zake, kwani kwa muda mafundi hutunza viunzi viwili. Lakini haraka ina gharama kubwa zaidi. Mwaka 2016 serikali ya Kanada ilianzisha mfumo wa mishahara uitwao Phoenix. Jaribio lililopangwa kufanywa kwanza katika idara moja lilifutwa, na makarani wengi wa mishahara walikuwa wamekwisha kuondolewa. Makumi ya maelfu ya wafanyakazi walipunjwa, wakazidishiwa, au wakakosa mshahara kabisa.

Kwa hiyo mwajiri akitangaza mfumo mpya, kamati ya chama kazini imwulize: Utaanza na sehemu gani? Hesabu za zamani na mpya zitalinganishwa kwa miezi mingapi? Makarani watafunzwa lini? Zikitokea kasoro, tutarudi vipi kwenye mfumo wa zamani?

Majibu yaandikwe, yatiwe sahihi. Hatupingi mashine mpya. Tunachokataa ni kujaribiwa kwa mshahara wetu.

Umoja ni nguvu!